Nani aambiwe pango liko wapi?

Rafiki yangu aliyehamia Sydney miaka kumi iliyopita ameshikwa na ugonjwa wa kutembea porini. Jumamosi alfajiri yeye na wenzake saba hubeba maji, mkate na kamba, wakazama kwenye mabonde ya miamba ya mchanga magharibi ya jiji, wakarudi usiku mikono imechanika kwa miiba. Mwezi uliopita alinitumia picha. Ukuta wa jiwe la rangi ya asali, na juu yake viganja: nilihesabu kumi na kimoja, vikubwa kwa vidogo, na kimojawapo kwa kukadiria ni cha mtoto wa miaka minne hivi. Mkono uliwekwa ukutani, mtu akajaza kinywa maji yaliyochanganywa na udongo mweupe au ngeu, akapuliza. Mkono ulipoondoka, nafasi yake ikabaki pale, imezungukwa na rangi.

Nikamuuliza, "Wapi hapo?"

Hakuniambia. Mimi niliye ng'ambo ya Bahari ya Hindi, nisiye na nauli ya kufika hata Lindi mwezi huu, hakuniambia. Kanuni ya kikundi chao, alisema, ni kwamba picha ruhusa, mahali hapana. Hata simu huzimwa GPS kabla ya kupiga, ili picha isibebe anwani ndani yake.

Nilichukia kidogo, kisha nikaanza kufikiri. Swali la nani ana haki ya kujua pango lenye picha za kale za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, liko wapi limewagawa Waaustralia kuliko linavyoonekana kwa mbali, na majibu mawili yanayosikika zaidi, la "urithi huu ni wa wanadamu wote" na la "funga mdomo", yote mawili yana tundu.

Tuanze na namna mapango hayo yanavyopatikana, kwa sababu mle ndimo jambo lenyewe lilimojificha. Nchi inayoizunguka Sydney imekaa juu ya mwamba wa mchanga ambao mvua na upepo vimeula kwa chini, ukabaki umechomoza kama upenu wa nyumba. Penu za namna hiyo ziko maelfu. Mtembeaji mzoefu hazipitii zote. Anatazama iliyo na kina cha kutosha watu kuketi, sakafu kavu na tambarare, maji karibu, upande usiopigwa na upepo wa baridi, na kama ana bahati, vipande vya mawe yaliyochongwa na majivu ya zamani chini. Ukivikusanya vigezo hivyo pamoja utagundua kwamba huyu mtu hatafuti sanaa. Anatafuta nyumba. Anajiuliza, mimi ningelala wapi na watoto wangu? Akifuata mantiki hiyo vizuri, anafika nyumbani kwa mtu.

Mfano mashuhuri ni ule wa Hifadhi ya Taifa ya Wollemi, pori la karibu hekta 500,000 lisilo na barabara nyingi, safari ya saa chache tu kutoka mjini. Mwaka 1995 watembeaji walikutana na upenu mmoja wenye picha zaidi ya 200, zimepandana tabaka juu ya tabaka: tai, kangaruu, kenge, viganja, silaha za kurusha, viumbe nusu mtu nusu mnyama. Haikutangazwa. Hadi 2003 ndipo wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Australia walipopeleka msafara, na umma ukasikia jina lililopewa mahali pale, Eagle's Reach. Jina tu. Mahali penyewe hapajatangazwa hadi leo.

Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni uchoyo. Lakini katika pori hilohilo kuna siri nyingine ambayo hakuna anayeinung'unikia. Mwaka 1994 mtembeaji mmoja alishuka korongo akakuta miti ambayo wataalamu waliifahamu kwa visukuku tu, wakidhani ilikwisha toweka. Msonobari wa Wollemi, miti mikubwa isiyofika mia moja, ilifichwa mahali pake tangu siku hiyo. Mwaka 2005 mizizi yake ilikutwa na ugonjwa ulioaminika kuletwa na udongo wa viatu vya watu walioingia bila ruhusa. Na moto mkubwa wa mwishoni mwa 2019 ulipoikaribia, kikosi kilitumwa kimyakimya kuiokoa, taifa likaambiwa baadaye na kushangilia. Kwa mti, siri ni uhifadhi. Kwa picha za Waaborijini, siri ghafla inakuwa ubaguzi na ubinafsi. Mtu anayeona tofauti hapo anieleze.

Hoja ya urithi wa wanadamu wote siidharau. Inasikika vizuri, na watoto wa Sydney wana haki ya kujua kwamba historia ya mji wao haikuanza na merikebu za Waingereza za Januari 1788. Ila mahali pa kuwapeleka papo. Pango la Viganja Vyekundu karibu na Glenbrook, kwenye Blue Mountains, lina njia ya miguu na kizuizi mbele ya ukuta. Kule kaskazini ya nchi, katika hifadhi ya Kakadu, maelfu ya watu hupita Ubirr na Burrungkuy kila mwaka juu ya vijia vya mbao. Vijia vile havikuwekwa kwa ajili ya miguu ya wageni kupumzika. Vumbi linalotimuliwa na nyayo hupanda na kutua juu ya rangi, na rangi ya makaa iliyokaa karne nyingi haihitaji zaidi ya hilo. Juu ya baadhi ya kuta wamebandika mistari ya silikoni ili maji ya mvua yapindishwe yasitiririke juu ya picha. Zamani nyati walikuwa wakijikuna kwenye kuta zilezile. Uangalizi wa namna hiyo unahitaji watu na fedha kila mwaka, na hakuna serikali itakayoufanya kwenye penu elfu kadhaa porini.

Kwa hiyo upenu usio na mlinzi, ukipata alama kwenye ramani ya mtandaoni, haupati wageni kumi waliotulia wa kila mwaka. Unapata yeyote. Wa kwanza anamwagia ukuta maji ili rangi zikolee kwenye picha. Wa pili anapitisha chaki kwenye michongo ili mistari ionekane. Wa tatu anawasha moto kwa sababu mvua inanyesha, na moshi unafanya kilichobaki. Hakuna kati yao aliye na nia mbaya. Mwenye nia mbaya naye yupo: katika pango la Koonalda, uwanda wa Nullarbor, watu wa kale walipitisha vidole kwenye chokaa laini gizani, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Mwaka 2022 iligundulika kwamba mtu alichimba chini ya uzio wa chuma, akaingia, akakwaruza maandishi ya kipuuzi juu ya alama zile. Chokaa ni laini mno, hakifutiki kitu bila kufuta vyote. Wamirning, wenye mahali pale, walikuwa wameomba ulinzi bora kwa miaka.

Basi rafiki yangu ana haki? Nusu.

Siri ya watembeaji imejengwa juu ya wazo kwamba adui wa pango ni mgeni asiyejua thamani yake. Adui mkubwa zaidi katika historia ya karibuni alijua kila kitu. Tarehe 24 Mei 2020, huko Pilbara, katika jimbo la Australia Magharibi, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango mawili ya Juukan ili kuchimba chuma. Hayakuwa mapango ya michoro maarufu. Yalikuwa makazi ambamo watu waliishi na kurudi kwa muda wa miaka 46,000, na ndani yake wachimbuaji walikuta mkanda wa nywele zilizosukwa, wa miaka 4,000, ambao vinasaba vyake viliwaunganisha waliousuka na Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura wa leo. Kampuni ilikuwa na ripoti hizo mezani. Ilikuwa pia na kibali cha waziri cha 2013, chini ya sheria ya 1972 ambayo haikuruhusu kibali kutazamwa upya hata ushahidi mpya ukipatikana. Mkurugenzi mkuu na wakubwa wengine wawili wakaondoka. Bunge likachunguza. Jimbo la Australia Magharibi likatunga sheria mpya, ikaanza kutumika Julai 2023, wakulima na wenye mashamba wakapiga kelele, na baada ya wiki tano hivi serikali ileile ikatangaza kuifuta na kurudi kwenye ile ya 1972, ikiwa na viraka.

Ninachokiona hapo ni kwamba kujulikana au kutojulikana kwa Juukan hakukuwa tatizo. Waliojua walikuwa wengi. Waliokosa ni wenye mahali, na walichokosa ni uwezo wa kusema hapana ikasikika. Siri inayoshikwa na mtu asiye na uwezo huo haimlindi na baruti. Na siri inayoshikwa na mtu asiye mwenye mahali, hata awe mwema kiasi gani, ni jambo jingine ambalo nitalirudia.

Kwanza nizungumzie neno "kugundua", maana ndilo linalowaponza watembeaji. Mwaka 1838 George Grey, mpelelezi wa Kiingereza, aliingia Kimberley, kaskazini-magharibi, akakutana na sura kubwa nyeupe zenye macho mapana na zisizo na mdomo. Hao ni Wandjina, ambao kwa Wangarinyin na jirani zao ndio waliotengeneza nchi na kuleta mvua. Grey akaandika kwamba haielekei mshenzi aliyejifunza mwenyewe angeweza kuchora vile. Mwaka 1891 mfugaji Joseph Bradshaw, akitafuta ardhi aliyokodishwa, alipotea njia katika eneo hilohilo akaona michoro myembamba ya watu wenye mapambo ya kichwani. Kwa karibu karne nzima michoro ile ikaitwa kwa jina la mtu aliyepotea njia. Wenyewe huiita Gwion Gwion. Na hata mwishoni mwa karne ya 20 walikuwapo waliodai ilichorwa na jamii nyingine iliyotangulia, si mababu wa Waaborijini. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Tumesomeshwa muda mrefu kwamba Kilwa na Gedi zilijengwa na mtu yeyote isipokuwa wenyeji waliokuwa wakiishi humo. Anayekupora ukuta huanza kwa kukupora fundi.

Lipo pia kosa la upole zaidi, la kudhani michoro hii imekufa. Tunapenda tarakimu kubwa. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba kangaruu aliyechorwa kwenye dari la upenu mmoja Kimberley ana umri wa kati ya miaka 17,100 na 17,500. Waliupata kwa kupima makaa yaliyonaswa ndani ya viota vya nyigu wa udongo, vingine vilivyojengwa chini ya rangi na vingine juu yake. (Nyigu kuwa katibu wa historia, hilo nalo ni la kuandikiwa makala yake.) Lakini nenda Kakadu, ukuta wa Anbangbang: picha zake mashuhuri zilichorwa na kupakwa upya na mzee Nayombolmi mnamo 1964. Ni changa kuliko uhuru wa Tanganyika. Sanaa hii inaanzia kwenye kiota cha nyigu na kufika kwenye kumbukumbu ya watu walio hai.

Huko Kimberley, Wandjina kwa desturi hupakwa upya wanapofifia, maana wakiachwa wafifie mvua nayo inafifia. Mwaka 1987 vijana wa Kingarinyin walipozipaka upya baadhi ya sura hizo chini ya mpango wa ajira wa serikali, kukazuka kelele kwamba wanaharibu urithi wa dunia. Wazee wakajibu kwamba wao wanautunza. Nani aamue? Tanzania tunalo swali hilohilo, na tumelikalia kimya. Michoro ya Kondoa iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na sifa mojawapo iliyoiingiza ni kwamba bado inatumika. Kule Kolo watu hupanda kufanya matambiko ya mvua na uponyaji, na mambo ya tambiko, pombe ikiwamo, humwagwa mahali pale. Mhifadhi anaona doa. Mwenye tambiko anaona kwamba bila yeye lile ni jiwe lenye rangi. Siamini kwamba swali hilo lina jibu moja la kutumika kila mahali, ila najua halipaswi kujibiwa na mpita njia mwenye kamera.

Ndipo ninapofika kwenye hodi. Mswahili hafiki mlangoni akasukuma. Anapiga hodi, akikaa kimya mwenyeji anapiga tena, ya tatu isipojibiwa anageuka. Haijalishi mlango uko wazi. Katika sehemu nyingi za Australia desturi inafanana kwa karibu: mwenyeji anayempeleka mgeni hutangulia na kuwaita wazee waliokwisha kufa, akawaambia ni nani huyu na amekuja kufanya nini. Kule Kimberley mgeni anaweza kufukizwa kwa moshi wa majani kwanza. Na hodi hiyo imeandikwa pia kwenye sheria na karatasi. Kuvuka mto kwenye kivuko cha Cahills kuingia Arnhem Land, mashariki ya Kakadu, achilia mbali mamba, unahitaji kibali, kwa kuwa sheria ya haki za ardhi ya 1976 iliirudisha nchi ile kwa wenyewe. Ukiwa Gunbalanya, unapanda kilima cha Injalak ukiongozwa na kijana wa pale, anayekuonyesha picha hii na kukupitisha mbali na ile. Anachokuficha ni sehemu ya ziara. Wawunambal Gaambera wa Kimberley nao wameweka pasi ya wageni kwa maeneo yao, na fedha inabaki kwao.

Hiyo si kufungia dunia nje. Watu wanaingia kila msimu. Tofauti ni nani aliyeitikia "karibu". Na hata serikali inapaswa kuisubiri itikio hilo: mwaka 2019 mamlaka ya hifadhi za taifa ilijenga njia ya miguu karibu na mahali patakatifu pa Wajawoyn kwenye maporomoko ya Gunlom, bila cheti kinachotakiwa na sheria. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Australia, na Mei 2024 majaji wakasema mkurugenzi wa hifadhi hana kinga. Njia ya watembeaji tu, mabibi na mabwana, ngazi na kijia.

Sydney, hata hivyo, si Arnhem Land, na hapa ndipo siri ya rafiki yangu inapochacha. Mwaka mmoja baada ya Waingereza kutia nanga, mwaka 1789, ndui ilipita katika watu wa eneo lile ikawafagia. Waliobaki wakasukumwa kutoka mabondeni na mashamba, kisha na misheni, kisha na sheria za kuchukua watoto. Wazao wao wapo, ni Wadarug, Wadarkinjung, Wagundungurra na wengine, wengi wakiishi katika vitongoji vilevile vya jiji anakoishi rafiki yangu. Lakini mlolongo wa kuonyeshana pango kutoka babu hadi mjukuu ulikatwa katika sehemu nyingi. Matokeo yake ni kitu cha ajabu: kundi la watembeaji wanane, wengi wao wahamiaji na wastaafu, linaweza kujua pango ambalo mwenye pango halijui. Wanalitunza vizuri. Hawaligusi, hawalali mle, hawataji. Wametunza nyumba ya watu kwa uaminifu mkubwa bila kuwaambia watu kwamba nyumba ipo.

Sheria ya New South Wales ya hifadhi na wanyamapori ya 1974 iliona jambo hilo. Anayejua mahali palipo na kitu cha Waaborijini, ambacho hakijaandikishwa, anatakiwa kutoa taarifa kwa muda unaofaa. Taarifa inaingia kwenye rejista ambayo haiko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kuandikisha si kutangaza. Yaani unaweza kufunga mdomo kwa dunia nzima na bado ukawaambia wenyewe. Hayo mawili hayapingani, ila watembeaji wengi wamezoea kuyachukulia kama kitu kimoja, kwa sababu kanuni yao ilitungwa kumkwepa mharibifu na haikumfikiria kabisa mwenyeji.

Nilimwandikia rafiki yangu: mmewaambia wenyewe? Alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya siku nne. Siku ya tano ukaja ujumbe wa sauti wa dakika sita. Hawajaandikisha. Mmoja wao amekuwa akilijua pango lile tangu miaka ya themanini na hajawahi kumwambia hata mkewe. Anaogopa kwamba wenyewe wakishajulishwa watasema msirudi. Wengine watatu wanamuunga mkono. Wako wanane, kura zimesimama nne kwa nne, na rafiki yangu aliniuliza mimi ningepiga wapi.

Nilimjibu kwamba yule mtoto wa kiganja kidogo huenda ana mjukuu wa vitukuu anayeuza kahawa kilomita kumi kutoka kwake, na kwamba huyo akisema msirudi, basi hiyo ndiyo hodi ya tatu. Hakupenda. Alisema rahisi kusema ukiwa Dar es Salaam.

Jumamosi hii hawaendi porini. Wanakutana nyumbani kwake, kujaza fomu au kugombana.